Nyota Kongwe na Sweta Nne za Mama

Jumapili jioni, Makambako. Upepo wa leo umeng'oa bati la jiko la jirani na kulilaza katikati ya barabara. Mtaa mzima unalalamikia baridi. Mimi naogopa, na nimeona niandike hivyo mapema kabla sijaanza kujifanya shujaa.

Naogopa sana.

Mnaonisoma hapa mnajua kwamba mimi ni mwalimu wa fizikia, na kwamba nasoma shahada ya pili kwa kujibanabana, nikiandika tasnifu kuhusu nyota kongwe. Si zile kubwa zinazolipuka zikapigiwa makofi. Zangu ni ndogo, nyepesi kuliko Jua, na zilianza kuwaka kabla Jua letu halijakuwepo. Watu huniuliza zinamsaidia nini mkulima wa viazi. Huwa nacheka. Wiki hii sijacheka.

Ijumaa msimamizi wangu alinirudishia hesabu. Ni mtu wa maneno machache. Aliandika tu kwamba umri niliopata ni mkubwa mno, nirudie, safari hii niziruhusu atomi zizame.

Nieleze kidogo, maana hofu yangu imeanzia hapo. Nyota ya aina hii ina ganda la nje linalochemka kama uji. Chini ya ganda hilo gesi imetulia, na penye utulivu kizito hushuka. Heli inashuka, chuma kinashuka, taratibu mno, kwa mabilioni ya miaka. Mwanga unaotoka ndani husukuma baadhi ya atomi zirudi juu, lakini nyingi zinakwenda chini tu. Sisi tunaopima kutoka mbali tunausoma uso peke yake, na uso unatuonyesha chuma kidogo kuliko kile nyota ilichozaliwa nacho. Na huko kwenye kiini, heli inayoshuka inachukua nafasi ya haidrojeni, ambayo ndiyo kuni za nyota. Kwa nje imetulia, haina wasiwasi. Kuni zake zitakwisha mapema kuliko tulivyokisia.

Nikarudia hesabu. Muda wa nyota yangu ukapungua. Nikamjibu msimamizi "sawa, nimeona", nikazima kompyuta, na Jumamosi asubuhi nikapanda gari kwenda Njombe kumwona mama.

Mama anaishi pembeni ya mji na mdogo wangu Joeli, ambaye ndiye analima viazi. Kila Jumapili baada ya ibada nampigia simu. Kamwene, kamwene. Hamjambo, hatujambo. Baridi je? Baridi ipo. Kwetu salamu hujibiwa kwa uzima kwanza. Hata kama nyumba imeungua, unasema hatujambo, na neno lenyewe unalileta baadaye, mgeni akishakula na kuota moto. Sasa simu haina moto wala chakula. Tunamaliza salamu, tunaagana, na mimi najiambia mama mzima.

Halafu kuna hizi sweta. Asiyeishi Njombe mwezi wa saba hawezi kuelewa. Tunavaa sweta juu ya sweta, kitenge juu yake, na asubuhi za ukungu mtu anatoka na blanketi begani bila aibu yoyote. Majira haya hakuna anayejua umbo la jirani yake.

Jana mama alikuwa jikoni anaepua sufuria, ikamponyoka. Maji ya moto yakamwagikia mkono wa sweta yake. Niliruka kumvua, akanizuia. Alishika pindo kwa nguvu akasema, "Acha, mwanangu, itakauka yenyewe." Mtu aliyemwagikiwa maji ya moto hasemi hivyo. Nikaivuta.

Chini ya sweta ya kijani kulikuwa na ile ya kwaya. Chini ya sweta ya kwaya, ya bluu niliyompelekea Krismasi. Chini yake, ya marehemu baba, iliyotoboka viwiko. Na chini ya sweta ya baba kulikuwa na mama mdogo kabisa, mwenye mabega ambayo sikuyajua.

Mkono ulikuwa haujaungua. Sweta zilikuwa zimemkinga.

Joeli alikuja mbio aliposikia kelele, akasimama mlangoni na jembe lake. "Dada, mimi namwona kila siku," alisema. "Kila siku yuko vilevile." Alikuwa karibu kulia. Simlaumu hata kidogo. Anayepungua kidogo kidogo mbele ya macho yako huwezi kumwona akipungua.

Mama alijifunika kitenge. Akagusa chini ya koo. "Chakula kinakwama hapa." Ilianza Pasaka. Kwanza ugali, kisha viazi, na siku hizi hata uji unapita kwa kuombwa. Joeli akirudi kutoka shambani, mama alikuwa anamwambia ameshakula, na kuku walikuwa wananenepa. Sweta aliziongeza moja moja ili kina mama wa kanisani wasimuulize. "Nilisema nisubiri baridi ipungue," akasema. "Mwezi wa tisa, viazi vikishatoka shambani, ndiyo twende hospitali."

Mwezi wa tisa!

Huku kwetu watu wanalijua jina la ugonjwa unaoanza kwa chakula kukwama. Tumewahi kuwazika wenye nao. Inawezekana kabisa si huo. Kuna mambo mengi madogo yanayoweza kumkwamisha mtu chakula, na mimi si daktari. Najiambia hivyo tangu jana, na bado jina lile sithubutu kuliandika hapa. Shuleni huwa naanza methali na kuwaacha wanafunzi waimalizie. Mficha maradhi... Leo sitaki mtu aimalizie.

Niseme na hili, kwa kuwa hapa ndipo nimezoea kusema ukweli. Mama alipotaja mwezi wa tisa, sehemu fulani ya moyo wangu ilifurahi. Mpaka mwezi wa tisa angebaki mama yangu wa sweta nne, mnene, anayeimba sauti ya pili. Akitazamwa na daktari, atakuwa mtu mwingine, na mimi nitakuwa mtoto wa mtu huyo. Nilitaka kusema sawa mama, tusubiri. Neno lilishafika mdomoni.

Kilichonizuia ni zile nyota, jamani, msinicheke. Kuna wakati nyota kongwe huvimba ikawa jitu jekundu. Ganda linalochemka huzidi kwenda ndani, linafika kule vitu vilikozama, linavikoroga na kuvipandisha. Hapo uso unaanza tena kuonyesha kile nyota ilichozaliwa nacho. Siku zote nimeipenda sehemu hiyo, nikiwafundisha wengine naisimulia kwa mbwembwe. Jana nikiwa nimeshika sweta ya baba ndipo nilipokumbuka kwamba wakati huo kuni za kwenye kiini zinakuwa zimeshakwisha. Sitaki kumjua mama kwa namna hiyo.

Basi nikasema, kesho kutwa. Yaani kesho, Jumatatu. Mkuu wa shule nimeshamwomba ruhusa. Joeli atamleta mama mpaka hapa Makambako, kisha tutakwenda wote hospitali ya Ilembula. Mama akachochea moto, akasema viazi je. Joeli akamwambia viazi havina miguu, vitatungoja.

Nimerudi leo mchana. Nimejaribu kusahihisha madaftari, nimeshindwa. Kabla sijakaa kuandika haya nimempigia simu, kama Jumapili zote.

Kamwene. Kamwene. Hamjambo, hatujambo. Baridi ipo.

Hapo ndipo huwa tunaagana. Leo sikuaga. Nilikaa kimya, na upepo huku ukigonga mabati, na kule nikisikia kuni zinapasuka jikoni kwake. Nilitamani kujaza kile kimya kwa maneno ya kiualimu. Nikajizuia.

"Mwanangu," akaita.

"Abee, mama."

"Naogopa."

Mama yangu alimzika mume na akalima peke yake mpaka tukamaliza shule. Neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake. Nilitaka kumwambia usiogope, Mungu yupo, madaktari wapo. Yote ni kweli. Nikamwambia, "Na mimi, mama. Naogopa sana."

Akapumua kwa nguvu, nikasikia kama anacheka kidogo. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayejiandaa kwa safari, kesho avae sweta ngapi.

Moja, nikamwambia. Moja tu, mama. Blanketi nitalibeba mimi.