Majibu ya Mama Mkwe

Jumanne, 4 Machi 2025

Koboko. Vumbi mpaka kwenye meno. Tumetoka hospitali ya Arua, tumegawa vipimo kwenye uwanja wa kanisa. Daisy, mwenzangu wa utafiti, ndiye anayesema mbele ya watu, mimi sina mdomo wake. Anainua kijiti na kichupa chake, anaeleza: unachokoza choo chako kidogo, unarudisha kijiti, unafunga, unatuletea. Watu walicheka mpaka wengine wakainama! Mzee mmoja akauliza kama siku hizi kazi zimeisha Arua. Daisy hakukasirika. Akasema kansa ya utumbo mkubwa inatoa damu kidogo kidogo, jicho haliioni, kijiti kinaiona. Akasema wengi wanafika hospitali wakati daktari hana la kufanya. Kicheko kikapungua.

Halafu nikamwona mama mkwe kwenye mstari. Mama Viktoria, mama yake Evelyn wangu. Nikakimbilia nyuma ya gari. Mtu mzima, kitambulisho cha utafiti shingoni, najificha kama mwizi wa kuku! Lakini ningefanyaje? Kwao Wakakwa na kwetu Walugbara ni mamoja: mkwe hali mbele ya mama mkwe, hamtazami usoni, mambo ya mwili ndiyo kabisa hayatajwi. Na mimi nimekuja kwao kuomba watu mavi.

Alichukua kijiti kwa Daisy. Afadhali.

Jioni nilimsimulia Evelyn. Alicheka mpaka akamwamsha Lino, mwanetu.

Jumamosi, 8 Machi

Vichupa vingi vimerudi, kuliko tulivyotarajia. Dkt. Onzima, mkuu wa utafiti wetu, anafurahi, anatembea maabara akipiga mluzi. Swali lake ni moja: kijiti hiki wamekijaribu nchi za mbali, je, kwetu kitafaa? Kwetu kuna minyoo, kuna kichocho, kuna amiba — damu ya kila aina. Ukimpeleka kila mtu kwenye kamera ya kuangalia utumbo, kamera ni moja. Ukimwacha mmoja, pengine huyo ndiye.

Evelyn anauliza majibu ya mama yatatoka lini. Nimesema bado.

Jumatano, 19 Machi

Siku mbaya.

Daisy yuko kwenye dripu, malaria. Dkt. Onzima ameniita ofisini, akafunga mlango. Akasema wa Koboko wenye damu ni wachache, lazima waambiwe wiki hii, ana kwa ana. Akanitazama. "Mmoja ni mama mkwe wako, Simon."

Nikasema asubiri Daisy apone. Akasema kiwango cha damu ni kikubwa, hapendi kusubiri. Nikasema amtume mtu mwingine. Nani? Dereva? Akanikumbusha pia sheria yetu: majibu ni ya mwenyewe. Si ya binti yake. Si ya mwanawe. Asipotaka wajue, hawatajua kutoka kwetu.

Nimerudi nyumbani. Evelyn alikuwa anasonga enyasa, ugali wetu. Akauliza tena. Nikasema mashine imeharibika.

Mashine! Nilisema hivyo kabisa, na mtoto mapajani.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeenda. Niandike yote kabla sijaanza kuyapunguza.

Nilimkuta peke yake. Aliponiona langoni akaingia jikoni haraka, kama inavyopasa. Mimi nikakaa nje kwenye stuli, mgongo kwa ukuta wa jiko. Yeye ndani, nadhani naye mgongo kwa ukuta. Tukazungumza hivyo. Ukuta ule ni wa udongo, sauti inapita vizuri.

Akauliza habari za Evelyn. Mzima. Za Lino. Mzima pia, ameota meno. Za mvua Arua. Kisha nikasema, "Mama, leo sijaja kama mkwe. Nimekuja kama mtu wa hospitali."

"Hm."

"Kile kijiti. Imepata damu."

Kuku wakaingia jikoni, akawafukuza. Nikaeleza kwamba damu si lazima iwe kansa. Inaweza kuwa bawasiri, inaweza kuwa minyoo. Ndiyo maana kuna kamera Arua, mpira mwembamba unapita nyuma, daktari anaangalia ndani.

"Hiyo kamera, nani anashika?"

"Daktari."

"Na wewe iko wapi?"

Ningeweza kudanganya. Kazi yangu chumba kile ni kumshika mgonjwa, kumgeuza ubavu, kumwambia apumue. "Mimi huwa nasimama na daktari, mama. Lakini siku hiyo nitatoka. Naapa."

"Mutu gani anaenda kufunguliwa mahali mkwe wake anafanya kazi?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza njia. Kisha akasema nirudi salama, na Evelyn nisimwambie. "Hii ni yangu."

Nikasema ndiyo, ni yako.

Alinitilia njugu kwenye mfuko, akaziweka mlangoni, akarudi ndani ndipo nikazichukua.

Jumapili, 30 Machi

Kanisani. Sikusikia mahubiri.

Evelyn amezungumza na mama yake kwa simu. Akasema mama anakohoa maneno, yaani anajibu kwa shida. Akasema Ladu, kaka yake aliye wakala wa forodha pale mpakani Oraba, alipita nyumbani akaona mama amepungua sana. "Wewe ulipoenda Koboko hukumwona?" Nilimwona jikoni, nikasema. Na ni kweli: niliona jiko.

Jumamosi, 12 Aprili

Amejua.

Evelyn alienda mwenyewe Koboko jana. Akakuta nguo zimelowekwa kwenye beseni nyuma ya nyumba, maji mekundu. Mama akasema damu hiyo ni ya siku nyingi. Evelyn akalia, akasema twende Arua, mume wangu anafanya kazi hukohuko. Mama akamjibu kwamba mume wako alishakuja, alishasema, ni mimi nilikataa.

Leo asubuhi Evelyn amerudi na mama kwenye taksi. Mama amelala chumba cha Lino. Evelyn aliniita nje ya ua. Sijawahi kumwona hivyo. Hakupiga kelele.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulikula chakula yangu kila siku na ulijua."

Nikasema sheria. Nikasema mama alikataza. Akasema kila nililosema ni kweli na kwamba hataki kulisikia tena. Kisha akaenda kumchemshia mama maji ya kuoga.

Tunaongea Kiswahili nyumbani, Kiswahili cha kambi ya jeshi alimolelewa baba yangu na kilichotukutanisha mimi na yeye. Leo anaongea Kikakwa tu, na mama yake, nyuma ya mlango. Mimi naokota neno mojamoja.

Jumatano, 23 Aprili

Kamera. Nilitoka chumbani kama nilivyoapa. Daisy, uzima wake bado nusu, ndiye aliyemshika. Nilikaa kwenye ngazi nje. Mlima wote wa Arua unaonekana pale, nyumba za wakoloni na mabati mapya. Nimekaa ngazi ile mara nyingi nikingoja habari za watu wengine.

Dkt. Onzima alitoka bila mluzi. Uvimbe. Mkubwa, chini kabisa, mpira haukuweza kupita. Amekata kinyama kidogo cha kupimwa Kampala lakini akasema, Simon, nimeona nyingi.

Halafu akasema jambo ambalo najua hakulikusudia vibaya. Akasema kijiti kimefanya kazi.

Ndiyo. Kimefanya kazi.

Jumatatu, 12 Mei

Majibu ya Kampala: kansa. Picha ya tumbo: madoa kwenye ini. Dkt. Onzima alimwambia mama mwenyewe, Evelyn pembeni, mimi nje ya mlango. Hawezi kuutoa uvimbe. Anaweza kufungua njia tu kabla tumbo halijaziba: choo kitatokea ubavuni, kwenye mfuko. Dawa za kansa baadaye, mwili ukipata nguvu. Alisema "ukipata" mara mbili.

Koboko wanarudisha vijiti vitupu. Nilienda na Daisy Alhamisi, tukakuta vingine vimetupwa chooni. Wanasema Viktoria alikuwa mzima mpaka watu wa Arua walipomchokoza. Daisy alilia kwenye gari. Mimi nikaendelea kuangalia barabara.

Ijumaa, 16 Mei

Ladu amefika kutoka Oraba, shati la kazi, vumbi la malori. Tulikaa barazani. Mama ndani, mlango wazi, pazia limeshushwa. Ladu hakukunywa hata maji. Akasema mama alikuwa analima. Mimi na kijiti changu tumeamsha kitu kilichokuwa kimelala. Akasema kuna mutu Kaya, ng'ambo ya mpaka, anatoa uvimbe bila kisu. Kesho anampakia mama kwenye gari. Mfuko wa mavi kwenye tumbo la mama yake — hapana! Afadhali afe na heshima.

Evelyn akasimama. Nikadhani atampiga.

Sauti ikatoka ndani. "Baba Lino."

Hajawahi kuniita moja kwa moja. Daima ni kupitia Evelyn: mwambie baba Lino hivi, muulize baba Lino vile.

"Niko, mama."

"Mungekuja mwaka jana, kijiti ingeona?"

"Pengine, mama. Pengine ingekuwa bado ndogo."

"Mwaka jana damu niliona na macho yangu. Bila kijiti." Alipumzika kidogo. "Ningeambia nani? Ladu? Ni mtoto mwanaume. Evelyn? Angeambia wewe. Nikasema itapita."

Ladu aliweka uso kwenye mikono, mabega yakatikisika, wakala mkubwa wa mpakani!

Mama akasema, "Ladu, Kaya hapana. Wanikate hapa. Nataka kuona Lino anatembea."

Ladu akaondoka bila kuniaga. Lakini hakuondoka naye.

Jumanne, 20 Mei

Wamempasua. Ametoka hai. Dkt. Onzima anasema ndani ni vibaya kuliko picha. Njia imefunguka.

Evelyn alinishika mkono kwenye korido. Mara ya kwanza tangu Aprili.

Alhamisi, 22 Mei

Mama hataki kuuangalia mfuko. Evelyn akiubadilisha, mama anajifunika shuka kichwani. Hali chakula. Anasema akila, utajaa. Ladu hajaja, anatuma salamu kwa simu, anauliza kama mama bado ana hasira naye. Mama hana hasira na mtu. Anaona haya tu, na haya haina dawa kwenye kabati letu.

Daisy anasema tumwandike kwenye ripoti ya mwezi: mmoja amegunduliwa. Nikamwambia aandike yeye.

Jumamosi, 24 Mei

Wodini. Naandika kwenye benchi, upande huu wa pazia la kitanda chake.

Mchana Evelyn alienda nyumbani kumnyonyesha Lino na kuleta chai. Mimi nikabaki hapa, nje ya pazia, kama kawaida. Mtu wa kuita sista tu, basi. Kisha ikaja ajali ya boda boda, watatu kwa mpigo, masista wote wakakimbilia huko.

Nilisikia harufu kwanza. Halafu nikamsikia yeye — si kilio, kitu kidogo kuliko kilio.

"Baba Lino. Sista iko wapi?"

"Wako na watu wa ajali, mama."

"Evelyn?"

"Bado, mama. Atakuja."

Nikaenda mpaka mlangoni, nikaita. Hakuna aliyegeuka, kulikuwa na damu sakafuni kule. Nikarudi. Nikasimama. Huwa nafanya kazi hii kwa wageni kila wiki bila kuwaza.

"Imefunguka," akasema. "Yote imetoka. Kitanda..."

"Nimwite mama wa kitanda cha pili?"

"Hapana. Watu wataona."

Kisha: "Ingia. Lakini usiangalie uso yangu."

Nikaingia. Nikaangalia tumbo tu. Nilivua mfuko ule, nikaosha kwa maji ya vuguvugu kuzunguka ile nyama nyekundu, nikakausha, nikabandika mpya. Nikabadilisha shuka kama tunavyofundishwa, ubavu huu, ubavu ule. Yeye mkono juu ya macho. Tumbo lake lina alama ya mtoto, mistari ya zamani ya mimba. Mimba mojawapo ilikuwa ya Evelyn. Sikupaswa kuiona. Nimeiona.

Nilipokuwa nafunga mfuko mchafu akasema, "Haiumi." Nikajibu, vizuri mama. Nikatoka, nikanawa, nikakaa hapa, nikafungua daftari.

Sasa hivi Evelyn amefika. Chupa ya chai mkononi, uso umeloa jasho la boda. Amefungua pazia, ameona shuka safi, amenusa, ameelewa nusu. Ananigeukia mimi, kisha mama.

"Nani amebadilisha?"

Mama amejibu kabla sijafungua mdomo. "Mtoto yangu."

Evelyn anaangalia huku na huku wodini. Uso wake umefunguka ghafla kwa furaha. "Ladu amekuja? Iko wapi?"

Mama ametoa mkono juu ya macho. Anatazama upande wangu wa benchi, si mlangoni. Evelyn bado amesimama katikati na chai yake, anangoja.