Panya Waliokula Mawese ya Mama

Ibadan,
Aprili 14

Mama yangu mpendwa,

Nakupigia magoti yote mawili, ingawa hunioni. Natumaini umeamka salama, miguu imepungua kuvimba, na sukari unaipima kabla ya kunywa uji, si baada yake. Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo. Najua utamlaumu mpishi wa hosteli, lakini safari hii hana kosa.

Kaka Bodunde alinipigia simu Alhamisi. Alisema umeufunga mtambo wa kukamulia mawese tangu Februari, kwamba chikichi zinaozea chini na msimu ndio huu, na ukiulizwa unajibu kuwa binti yako msomi amepima akakuta unauza ugonjwa. Alisema pia akina mama wawili wa kanisani wamekufuata, nao wamefunga. Nimekaa na habari hiyo siku nne. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza.

Nikukumbushe nilichofanya. Desemba nilichukua panya wa maabara nikawagawa makundi matatu. Kundi moja lilikula chakula chenye mafuta ya samaki, la pili mafuta ya karanga, la tatu mawese yako, yale ya dumu la njano. Baada ya wiki nane tulichukua mafuta ya tumboni mwao, tukatenganisha seli, tukaziweka kwenye vichupa pamoja na sukari na insulini. Insulini ndiyo inayoiambia seli ifungue mlango sukari iingie. Seli za kundi la samaki zilifungua vizuri, za karanga kiasi. Za panya wako ziliambiwa na zikakaa kimya. Jioni ile ile nikakupigia, nikasema mawese ni mabaya. Nilisema kwa haraka, tena kwa majivuno kidogo.

Sasa sikiliza. Desemba ile hamatani, upepo wa baridi na vumbi, ilikuwa kali, na mawese yaliganda kwenye dumu. Ilikuwa lazima niyayeyushe kabla ya kuyachanganya na unga wa panya. Niliyaweka kwenye sufuria juu ya jiko la umeme, nikafunika, nikangoja. Mkono ulifanya ulichozoea. Niliyaacha mpaka moshi ukatoka na wekundu wote ukaisha, yakawa meupe kama maji, vile vile ulivyonifundisha kwa mchuzi wa wali wa ofada. Lasisi, fundi wetu wa maabara, ambaye hapiti mahali bila kutania, alisimama mlangoni akanusa, akauliza harusi ya panya ni lini, maana mchuzi anausikia ila wali hauoni. Nilicheka. Na kwa kuwa jaribio lazima lifanane, kila Jumatatu nikayaunguza tena kwa uangalifu uleule. Mafuta ya samaki na ya karanga niliyamimina tu kutoka kwenye chupa. Katika daftari niliandika: mawese, yameyeyushwa.

Mwezi uliopita Profesa Oyediran, msimamizi wangu, aliisoma tasnifu, akaandika pembeni: kwa joto gani? Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilichopima ni kuungua, si mawese. Mama, niliona aibu hadi masikio yakawaka. Kisha nikaandika digrii arobaini. Nilidanganya kwa kalamu nyeusi, mwandiko mzuri, na usiku ule nililala vizuri tu. Ningeendelea kulala vizuri kama Kaka Bodunde asingepiga simu.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Profesa nikamweleza yote. Aliniuliza kama najua kwamba utetezi wa tasnifu yangu ni wiki tatu zijazo, nikasema najua. Alisema mwaka wangu umekwenda na maji, kwamba nianze upya na panya wapya, na kwamba yeye mwenyewe, mjukuu wa muuza mawese, aliisikia harufu ile kwenye korido na hakushtuka, maana ilinukia kama nyumbani kwao.

Kwa hiyo, mama, ufungue mtambo. Sijasema kwamba mawese yako mabichi ni mazuri. Hatujayapima. Nitumie dumu jingine, na safari hii nitayayeyusha juani.

Limebaki jambo moja ambalo sikumwambia Profesa, kwa kuwa halimhusu. Panya wale walikula tunavyokula sisi. Tangu nina miaka kumi, aliyekuwa akiyaunguza mawese ya mchuzi wa Jumapili nyumbani ni mimi, na ulinisifu mbele ya shangazi zangu kwamba yangu huwa meupe kuliko ya wote. Sijui kama ndiyo yaliyokuletea sukari, na vichupa vyangu haviwezi kusema hivyo. Lakini naogopa, na nimechoka kuogopa peke yangu. Nisamehe.

Msalimie Kaka Bodunde, na wale akina mama wawili uwaambie binti yako alikosea, usilifiche jina langu. Jumapili nitakuja. Usipike kabla sijafika.

Bintiyo,
Ibironke