Kwa Maurice Abonyo, Aliyempiga Chenga Shemeji

Mwaka umezunguka, Baba, tangu utuache ile Agosti ya 1967, na kiti chako mbele ya nyumba hapa Rodi Kopany bado hakuna anayethubutu kukikalia.

Vijana wa leo walikujua kama mpima pamba mwenye goti bovu na mzaha usioisha. Hawakukuona ukicheza mpira, winga ya kulia, watu wakikuita Pata-Potea kutoka Homa Bay hadi Migori. Pasi ulikuwa mchoyo nazo, tuseme ukweli. Ulimpita beki, kisha ukamngoja akufikie umpite tena.

Ndivyo ulivyokaribia kumkosa Mama. Siku ile ya mechi ya Kosele, wazee wako walikuwa wameshaanza mazungumzo ya mahari, na beki aliyekukabili alikuwa Cephas, kaka yake Mama. Shemeji huheshimiwa, kwa hiyo kila mtu alitarajia utoe pasi. Miguu yako haikusikia la mtu. Ulimpiga chenga ya kwanza, ukampiga ya pili, naye akakaa chini vumbini mbele ya mama yake mzazi. Bao ulifunga, lakini jioni hiyo wazee wako walirudishwa mlangoni.

Ulipeleka mbuzi wa kuomba radhi akakataliwa, ukapeleka mwingine. Mwishowe baba yake alimuuliza Mama kama bado anakutaka.

"Mwenye alianguka ni Cephas, baba," akajibu. "Mimi bado nataka huyu."

Mkaoana. Cephas alikuja kwako, akala, akacheka na watoto, ila habari za mpira hakuzigusa nawe tena. Tunajua hilo lilikuuma kuliko goti.

Laiti ungemsikia siku tulipokuzika. Alisimama kando ya kaburi, kofia mkononi.

"Shemeji," alisema, "leo wewe ndio umelala, mimi ndio nimesimama. Afadhali ile ya Kosele."

Kisha akakaa chini vumbini, mwenyewe, bila kuangushwa na mtu.

Tunaokulilia na kukupenda ni mkeo Phelesia, watoto wako Pamela na James, wakwe zako wote wa Kosele, na Cephas, ambaye siku hizi ndiye anayewasimulia watoto mechi ile, na kila akisimulia huongeza chenga moja.

Lala salama, Pata-Potea. Mioyoni mwetu hutatoka kamwe.