Siku Kima cha Maji Kilipopanda

Mume wangu wa moyo,

Wiki ya tatu sasa uko kwenye kozi Morogoro, na bado asubuhi natoa vikombe viwili vya chai. Majirani hapa Ikwiriri wananicheka. Wacha wacheke.

Wakumbuka jioni ya kwanza ulipokuja kwetu kumsaidia mdogo wangu Zuhura? Alikuwa darasa la tano, akisoma kama redio, bila kukwama. Lakini ukimuuliza amesoma nini, kimya. Baba alishasema akifeli tena anaacha shule, anakwenda kuamia ndege kwenye mpunga. Nami, na kidato changu cha nne, dawa niliyoijua ni moja: "Soma tena!" Akasoma tena, machozi yakidondokea kitabu.

Siku ile alisoma: "Kima cha maji kilipanda, watu wakahama." Ukamwambia afunge kitabu akusimulie.

"Kima alipanda mtini, watu wakamkimbia."

Nikaangua kicheko. Wewe hukucheka. "Kima gani huyo, wa kuhamisha kijiji kizima?"

"Wa maji, Mwalimu. Labda mkubwa kuliko hawa wanaotumalizia mahindi."

"Angekuwa ndugu yao, kitabu kingesema kilipanda au alipanda?"

Akafungua kitabu, akaweka kidole. "Alipanda. Lakini hapa... Kumbe si mnyama! Maji ndiyo yaliyopanda! Kama mwaka ule tulipohamia kwa shangazi!"

Ukanigeukia. "Dada, huyu anaelewa. Hajapata wa kumsikiliza tu."

Niliona aibu, mpenzi, na papo hapo nikakupenda! Tangu hapo kila aya nikawa namsimamisha: nani, wapi, kwa nini? Kisha nanyamaza, namsikiliza.

Leo amefaulu. Baba hakuamini karatasi. Akamtaka asome habari ya mama aliyerudi mbio kwenye nyumba iliyozingirwa na maji.

"Alirudi kufanya nini?"

"Hawakuandika, baba. Lakini mwanzoni walikuwa na watoto watatu, kwenye mtumbwi wakapanda wawili. Wewe usingerudi?"

 Baba akamwita mama: "Mpeleke kwa fundi akapimwe sare ya darasa la sita. Hiyo aliyovaa imembana."

Nimelia kwa furaha, mume wangu. Siku hizi madukani zimejaa sabuni za kunukia. Nimenunua moja, siifungui mpaka urudi.

Wako, anayejivunia kuitwa mke wa mwalimu,
Mkeo