Jina la Muuza Magodoro Mgongoni Mwangu

Bweni la Wasichana, Chumba 14,
Chuo cha Ufundi,
9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kwenye cherehani yako, mzima wa afya, na kiuno hakikusumbui tena. Ile miwani mpya imekukubali, au bado unaiweka kichwani halafu unaitafuta nyumba nzima? Mimi sijambo. Nakula, nalala, na mitihani ya katikati ya muhula nimefaulu, kwa hiyo ukijibu usianze na swali la masomo.

Uliuliza kama ni kweli klabu yetu ya baiskeli imekufa, kama Baba alivyokuambia. Haijafa, ingawa mwezi uliopita ilikuwa hoi. Mashindano ya vyuo ni tarehe ishirini na nane, na kanuni inataka kila timu ilete waendeshaji sita wenye jezi za aina moja. Mwaka jana tulikwenda na fulana za rangi sita, tukarudishwa kabla hatujakanyaga pedali. Msimamizi wa michezo ametuambia tukirudishwa tena atatufuta, na chumba chetu cha baiskeli atawapa wacheza drafti.

Nahodha wetu ana miguu ya chuma, ila mbele ya mgeni ulimi wake unaganda. Basi kazi ya kuagiza jezi na kutafuta mdhamini niliangushiwa mimi, katibu. Nami kwa kuwa nimekulia miguuni pa cherehani yako, nikaona hapa ni kwangu.

Sasa cheka. Niliwapima wote kama ulivyonifundisha: simama wima, mikono chini, kidevu juu, usivute tumbo. Vipimo safi kabisa. Kiwanda kikaleta jezi moja ya kujaribia, nahodha akaivaa, akajitazama kwenye kioo, akapendeza kama bwana harusi. Alipopanda baiskeli na kuinamia usukani, jezi ikapanda mpaka katikati ya mgongo, na mbele kitambaa kikajikunja tumboni. Nilikuwa nimewapima watu wa kusimama kupigwa picha, si watu wa kuinama kilomita themanini. Nikaegemeza baiskeli ukutani, nikawapandisha mmoja mmoja, nikawapima upya wakiwa wameinama.

Mdhamini naye alinitoa jasho. Nilizunguka maduka kumi na moja. Muuza dawa alinipa pole, fundi simu alinipa maji ya kunywa, na mzee mwenye duka la magodoro ndiye aliyenipa kiti. Nikamwahidi jina la duka lake litakaa kifuani, kubwa, kama kwenye jezi za mpira. Akakubali kulipia zote sita. Siku alipokuja mazoezini kuiona ile ya kujaribia, alimzunguka nahodha aliyekuwa juu ya baiskeli, akachuchumaa, akachungulia.

"Binti," akasema, "hapa jina langu linasomwa na lami."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia tutalihamishia mgongoni. Akataka kutuona tukizunguka uwanja, na nilipomaliza mimi, wenzangu walikuwa wameshashuka na kufunga chupa zao za maji.

"Mgongoni sawa. Ila huyu anayeshika mkia asivae jina langu. Watu watasema godoro langu limemlaza barabarani."

Wenzangu walicheka. Baadaye nahodha aliniambia kwa upole kwamba yupo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeweza kuchukua nafasi yangu, nami nibaki katibu tu. Iliniuma, sikufichi. Miaka miwili naamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya klabu hii. Ningekubali, jezi zingeagizwa siku ile ile. Nikakataa.

Kesho yake nilikuwa mlangoni pa duka lake kabla hajafungua. Nikamwomba aje Jumamosi, asimame juu ya kilima cha barabara ya kiwandani. Akiweza kusoma mgongo wa wale watano, mimi ninajitoa mwenyewe. Kisha nikashona vipande sita vya kitambaa vyenye jina la duka na namba ya simu, nikavibana kwenye migongo yetu kwa pini.

Alikuja, na mkewe. Wale watano walipita wamebanana, wakapotea kwenye kona mzee akiwa bado anatafuta miwani mfukoni. Ndipo nikaja mimi, peke yangu, nahema, nakipanda kilima kwa mwendo wangu uleule unaoujua. Mkewe alisoma jina la duka kwa sauti, akasoma namba yote, na muda wa kuirudia akaupata. Mama mmoja mpita njia akauliza kama magodoro ya watoto yapo.

Mzee alinisubiri nirudi. "Wewe," akasema, "yako waandike kwa herufi kubwa zaidi."

Najua amenikubali kwa ajili ya duka lake, si kwa ajili ya miguu yangu. Haidhuru. Oda iko kiwandani tangu Jumatatu iliyofuata, na mgongo wangu ninaupeleka nje kila alfajiri kuuzoesha kile kilima. Baba amesema haji kutazama mwanawe akiwa wa mwisho. Usimbembeleze. Mwambie tu kwamba mwisho wa barabara upo, na mimi nitaufikia nikiwa juu ya baiskeli, hata kama watakuwa wameshaanza kukunja viti.

Msalimie Mjomba, umwambie redio yake naitunza. Wasalimie mapacha, na Bibi umshikie mkono kwa niaba yangu. Mungu akulinde macho na vidole.

Orodha ya timu nimeiandika kwa mkono wangu na kuikabidhi leo.

Ni mimi mwanao nikupendaye,

Katibu wa klabu, na mwendeshaji wa sita.