Springi za Klachi na Tochi ya Lazaro

Jumatatu, 28 Julai

Nimemwogesha Lazaro, nimemvalisha, nimemlisha uji wa uwele. Nusu umeingia, nusu umeishia kidevuni. Nikamsukuma hadi gereji kwenye kile kiti cha magurudumu tulichopewa na kanisa. Upepo wa leo mbaya. Vumbi lote la Majengo limehamia kinywani mwangu. Nikamweka mahali pake kando ya meza ya kazi, nikamtia tochi katika mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima.

"Shika tochi. Usiseme."

Maneno yake mwenyewe hayo. Tangu tuoane mshika tochi nilikuwa mimi, yeye akifungua injini, na kila nilipotaka kuuliza jambo nilijibiwa hivyo. Mkono ukitikisika, spana inarushwa. Sasa kiharusi kimemchukulia upande wa kulia na ulimi. Kule nyuma ya gereji ni giza hata mchana, na mtu wa kushika tochi anahitajika. Sioni ubaya.

Roho yangu inasuuzika kila asubuhi. Siandiki hapa ili nionekane mwema.

Mchana kaja Bwana Kessy, mfanyabiashara wa alizeti, na pikipiki yake ya matairi manne. Anaitumia kuzungukia shamba lake Ihumwa, na siku za sikukuu anashindana na jirani yake, mstaafu mmoja mwenye pikipiki kama hiyo, kwenye uwanda ulio kando ya reli. Kila mara anaachwa pale pale mwanzoni. Akiongeza mafuta inajivuta kwanza, ndipo iondoke. Anataka iruke. Nikamwambia tatizo ni springi za klachi. Akamgeukia Lazaro, eti athibitishe. Lazaro akamulika dari.

Jumanne, 29 Julai

Amosi, mdogo wake Lazaro, kaja na wazee wa ukoo. Shikamoo, marahaba, chai, maandazi, halafu ndipo wakatoa walichokuja nacho. Gereji ni ya ukoo. Mwanamke hawezi. Wateja wanakimbia. Amosi ana kibanda cha kuziba pancha Ihumwa, na jicho lake limekuwa kwenye gereji hii tangu kaka yake aanguke. Hata hakusubiri atoke hospitali.

Nikawaambia wasubiri Nane Nane. Kessy akishinda, gereji yangu, na nisiulizwe tena. Akishindwa, nakabidhi funguo. Wakakubali upesi mno, wanaume hawa, mpaka nikatamani kuwamwagia chai.

Lazaro alikuwepo, katikati yao, akisikia kila neno. Daktari alishasema kichwa chake ni kizima.

Alhamisi, 31 Julai

Nimefungua klachi ya Kessy. Ndani kuna vipande vitatu vya kukamatia, vinashikwa na springi tatu ndogo. Injini ikizunguka, vipande vinataka kutanuka vikamate kikombe cha chuma kinachopeleka nguvu kwenye matairi. Springi ndizo zinazovizuia. Zikiwa legevu, vinakamata mapema, injini bado ina usingizi, pikipiki inajivuta. Zikiwa ngumu, injini inapanda kwanza, kisha vinakamata kwa mkupuo na pikipiki inaruka. Zikizidi ugumu, vinateleza badala ya kukamata. Vinaungua.

Hayo nimeyajua kwa kushika tochi. Hakuna aliyenifundisha.

Springi za Kessy zilikuwa zimechoka, nilizivuta kwa vidole. Nimenunua seti mbili dukani. Za njano, ngumu kiasi. Nyekundu, ngumu kabisa. Muuza spea kaniuliza, "Fundi anasemaje?" Nikamwambia fundi anasema chenji yangu iko wapi.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimefunga za njano na kwenda kuijaribu Ihumwa. Nikasimama, nikaongeza mafuta. Injini ikapanda, ikakaa hapo kidogo, halafu mgongo wangu ukarudi nyuma. Safi. Nikarudia na gunia la mahindi kwenye keria, maana Kessy ni bonge la mtu. Safi vilevile. Nikacheka peke yangu pale uwandani.

Niliporudi nilimweleza Lazaro kila kitu. Polepole, neno moja moja, kama yeye alivyokuwa akinieleza mbele ya wateja, wakacheka. Akatazama sakafu. Mate yakamtoka, nikamfuta kwa tambara la gereji lenye oili. Lile safi lilikuwa karibu.

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimefungua tena klachi niikague kabla ya sikukuu. Springi za njano mezani, nyekundu mezani, mimi nimeinama. Mwanga ukahama. Ukaiacha klachi ukatua kwenye springi nyekundu.

Nikamwambia arudishe. Akarudisha. Kisha ukaenda tena pale pale kwenye nyekundu, ukatulia. Mkono hautikisiki. Nikamtazama. Macho yake yalikuwa na maji.

Sijawahi kumwona hivyo. Hata siku alipoanguka hakuwa hivyo. Nikadhani ananiomba. Nikadhani amesikia ya Amosi na anataka gereji ibaki nyumbani kwetu, na hii ndiyo njia pekee aliyobakiwa nayo ya kunisaidia.

Lazaro alikuwa mshenzi, lakini klachi hajawahi kuikosea. Nikajiambia Kessy ni mzito, pengine uzito huo unadai springi ngumu zaidi. Nilijua sivyo. Nilikuwa nimeshajaribu na gunia. Lakini mkono wangu ukaufuata mwanga, kama ulivyozoea kufuata amri zake zote.

Nimefunga nyekundu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeijaribu hapa hapa mtaani. Ilinguruma, ikakataa, halafu ikaruka kama imechomwa. Nusura iniangushe mbele ya wauza mchele. Za njano hazikuruka hivi.

Alikuwa sahihi. Inaniuma kuandika. Hata bila ulimi bado ananizidi.

Jioni nimempikia nyama laini. Nimemfuta kwa kitambaa safi. Nilimwambia asante. Akafumba macho.

Ijumaa, 8 Agosti

Nina hasira kiasi kwamba kalamu inatoboa karatasi.

Uwanda wa Ihumwa ulijaa watu. Amosi alikuwepo na wazee wake, wamekuja na viti. Duru tatu, anayeshindwa anachinja beberu. Duru ya kwanza Kessy aliruka, akamwacha mstaafu, akashinda. Nikampungia Amosi mkono.

Duru ya pili ikaanza kuteleza. Nikasikia harufu kabla sijaona kitu. Mstaafu akashinda. Duru ya tatu injini ililia kwa nguvu zake zote na pikipiki ikasimama pale pale, Kessy juu yake, moshi chini yake. Mchanga laini, mtu mzito, springi ngumu mno. Vipande vilikuwa vinazunguka ndani ya kikombe bila kukamata. Mstaafu akafika mwisho, akageuza, akarudi mpaka alipo Kessy, akamuuliza habari za nyumbani. Watu wakaangua kicheko. Akina mama wa vitumbua wakashika mbavu.

Nimefungua klachi mbele yao wote. Vipande vyeusi, vinang'aa, vimekwisha. Mzigo mzito hautaki springi nyekundu. Nilijua Alhamisi, nilijua Jumamosi. Jumanne nilikuwa mtaani juu ya lami, peke yangu, mwepesi, klachi ya baridi, nikajiona fundi.

Nimerudi nyumbani nikamwambia Lazaro. Tumeshindwa, nikasema. Klachi imeungua, Amosi anachukua gereji.

Akacheka.

Sauti ya kwanza kumtoka tangu kiharusi. Kicheko kizima, hakikupooza hata kidogo. Kikaendelea mpaka akakohoa. Hapo ndipo nilipoelewa yale maji ya macho. Alikuwa anajizuia asicheke.

Nimeingizwa mkenge na mtu anayevaa nepi. Kwake, afadhali gereji iende kwa mdogo wake kuliko anione nimeweza.

Jumamosi, 9 Agosti

Amosi kaja asubuhi na mapema, na wazee. Nikampa funguo bila ubishi. Akashangaa. Kisha nikamsukuma Lazaro mpaka mlangoni, na begi la nguo zake mapajani, nepi, dawa, beseni, kikombe chake.

"Shemeji Debora, hiki nini?" Amosi kauliza.

Nikamwambia gereji ya ukoo, mgonjwa wa ukoo. Vinakwenda pamoja. Nikawaeleza wazee, kwa heshima zote, kwamba ageuzwe kila baada ya muda asioze mgongo, na kwamba uji akimeza vibaya unapanda puani. Mzee mmoja akaanza kuvaa viatu.

Nilimtazama Lazaro. Hili hakulipigia hesabu. Mkono wa kushoto ulishika fremu ya mlango wangu, na ilibidi niutoe kidole kimoja kimoja. Nimefurahi. Naandika hivyo hivyo, nimefurahi.

Jumapili, 10 Agosti

Nimelala mpaka jua likaingia chumbani. Kanisani sikwenda.

Jumanne, 12 Agosti

Nimefua shuka zote. Nyumba haina harufu. Nimekula nilichotaka, saa niliyotaka.

Nimekwenda kwa Bwana Kessy kumwomba radhi. Nikamwambia kosa ni langu, nipe pikipiki nitengeneze bila malipo. Alininunia, lakini beberu aliyemchinja bado anamuuma, anataka kurudiana na mstaafu Jumapili. Amenipa. Nimeifungulia uani kwangu, juu ya turubai, kwenye jua. Vipande vipya vya kukamatia. Springi za njano.

Nilipoishika ile ya mwisho na ndoano yake ikaingia sawasawa, niligeuka kumwambia "umeona?" Pale palikuwa na ndoo. Nimechukizwa na nafsi yangu kwa jambo hilo kuliko kwa klachi.

Alhamisi, 14 Agosti

Wamemrudisha.

Amosi katangulia na funguo, kaziweka mezani hata kabla ya kuketi. Bajaji imesimama nje na Lazaro ndani yake, amelalia upande. Mke wa Amosi kafungasha, anasema anarudi kwao Chemba kama mgonjwa hataondoka leo. Hajalala. Amosi mwenyewe macho mekundu. Gereji hakuifungua hata siku moja, atapata wapi nafasi.

Nikamwambia sipokei bila wazee. Wakaitwa. Wakaja wamenyong'onyea. Amosi akasema mbele yao kwamba gereji ni ya Debora. Nikasema sikusikia, upepo. Akarudia. Nikasema bado. Akarudia mara nyingine kwa sauti, majirani wakatoka nje. Hapo nikasikia.

Nimemwogesha Lazaro. Alikuwa ananuka, mgongo umeanza kuchubuka. Maji niliyatia moto kuliko inavyofaa. Kidogo tu. Alikunja uso, akanitazama, wala hakugeuka pembeni. Halafu nikampaka mafuta yale mazuri, mgongo wote, polepole, kwa sababu kidonda cha mgongo atakayekiuguza ni mimi.

Jumapili, 17 Agosti

Kessy ameshinda duru zote. Sikushangaa. Pikipiki ilisimama, ikavuta pumzi, ikaondoka, kila mara vilevile, juu ya mchanga ule ule. Mstaafu alibaki kwenye vumbi akijifuta miwani. Watu hawakuwa wengi leo, na Amosi hakuja. Mama mmoja wa vitumbua kauliza nani katengeneza. Kessy kanionyesha kidole. Kasema, "Fundi huyo hapo."

Nimerudi nikamwambia Lazaro. Nimesimama mbele yake nikamweleza springi zipi. Njano, nikasema. Njano, Lazaro. Hakucheka. Mdomo upande mmoja ulicheza, sijui kwa nini, na sikutaka kujua.

Jumatatu, 18 Agosti

Upepo umetulia leo. Uji wa uwele, nusu kwa nusu. Nimemsukuma mpaka gereji.

Nimetoboa dirisha kule nyuma. Seremala kaja asubuhi, kazi ya muda mfupi. Mwanga unaingia mpaka mezani, naona hata uzi wa skrubu. Lazaro angeweza kulitoboa zamani sana. Alipenda giza, ili awepo wa kusimama na tochi.

Kaja mteja na pikipiki ya mizigo, klachi inateleza. Nikapanga springi mezani. Kabla sijaanza, nilitoa betri kwenye tochi, nikaziweka juu ya kabati, mbele ya macho yake. Kisha nikamtia tochi mkononi, nikamfungia vidole.

Nimefanya kazi mpaka mchana. Kila nilipoinua uso alikuwa ameielekeza mezani ile tochi iliyozima, mkono umenyooka. Mara moja ulianza kutikisika kwa kuchoka.

Nikamwambia asitikise.