Kiu ya Nettie Bozman

Jumatatu, 4 Machi 2019
"Mashua iliyotolewa majini ni mashua iliyookolewa." Hayo ni ya Bi. Fairbank, mwenyekiti wa kamati ya urithi, gazetini leo. Upuuzi mtupu, na nitamjibu humo humo gazetini. Mashua yetu Nettie amevua chaza kwa tanga katika Ghuba hii ya Chesapeake tangu enzi za babu yangu, na chumvi haikumdhuru. Kinachomuua ni banda lao lenye hita. Majira yote ya baridi amekaukia humo. Leo nimeingiza kisu kati ya mbao zake — kimezama hadi mpini. Na Jumamosi wanamshusha majini mbele ya wageni, mjomba Orville, nahodha wake wa mwisho, akishika usukani.

Jumanne, 5 Machi
Kikao cha kamati. Nimewaeleza tunavyofanya hapa kisiwani: mashua iliyokauka huzamishwa kwanza penye kina kifupi, na kuachwa siku kadhaa. Mbao zinakunywa, zinavimba, zinabanana zenyewe. Ndipo unapopiga pampu kuyatoa maji.
Bi. Fairbank akacheka. Ati nataka kuizamisha ili isizame?
Ndiyo, mama. Hasa.
Wakapiga kura. Nimeshindwa. Wao watapaka rangi.

Alhamisi, 7 Machi
Nyeupe pe. Mianya haionekani tena.
Nimemsihi mjomba akatae. Alikuwa anafungua chaza kwa kisu, hata kichwa hakuinua.
"Wewe pigana gazetini, Lorna. Mimi nitapiga pampu."
"Utazama naye, mjomba."
"Basi utapata cha kuandika."
Sikucheka. Moyo wake ni mgonjwa, na usukani ule hamwachii mtu.

Jumamosi, 9 Machi
Naandika hapa gatini, mwandiko mbaya. Kreni imemshusha. Bendi haijamaliza wimbo wa kwanza, maji yakaingia kila upande. Pampu imeshindwa. Sasa Nettie amekaa kwenye matope, sitaha bado iko juu ya maji. Salama kabisa. Mjomba yumo tumboni mwake, maji magotini, anawaambia wamwache Nettie hapo hapo, anakunywa.
Lakini Bi. Fairbank ameamuru ainuliwe sasa hivi, na maji yote ndani. Uzito huo utamvunja mkuku, uti wake wa mgongo, hewani. Mikanda ya kreni inakazwa.
Nimepiga kelele hadi sauti imekauka. Kelele zangu wamezizoea. Nachana karatasi hii niwape mkononi.
Bi. Fairbank, na ninyi nyote mlioinua mikono Jumanne: mjomba hatoki. Legezeni mikanda.